Shimba, Milima Iliyo Mgongoni Mwetu

Aliyelelewa Mombasa huzoeshwa tangu utotoni kuielekea bahari: huko ndiko zivumako pepo, ndiko yalikotoka majahazi na bidhaa zake, na ndiko yanakoishia matembezi yake ya jioni, pale ufukoni penye mihogo ya kukaanga na kahawa chungu, ilhali nyuma ya mgongo wake, upande wa kusini-magharibi, kwa mwendo wa kilomita thelathini na kitu tu, imeinuka safu ya milima ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina, na kwa umbo lake la buluu lionekanalo siku ya hewa safi, wala hatujapata kutia mguu huko. Nasema kutia mguu kwa makusudi, maana wako waliofika Shimba ndani ya gari, wakazunguka saa mbili vioo vimefungwa, wakarejea nyumbani na habari za vumbi.

Jina la milima lisimtishe mtu. Hapa hapana theluji wala majabali ya kuparamia. Sehemu iliyo juu kabisa ni kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ni uwanda ulioinuka, wenye miteremko ya sahali ambayo mzee mwenye magoti mazima na mtoto aliyekwisha kuanza shule huweza kuimudu. Msafiri huvuka kivuko cha Likoni, akashika njia ya Lunga Lunga hata Kombani, hapo akakata mkono wa kuume na kuanza kupanda kuelekea Kwale. Na kabla hajaufikia mji, hewa nzito ya pwani huwa imekwisha mtoka kifuani, akajiona anatafuta koti katika nchi ambayo jana yake alikuwa akitafuta pepeo.

Msitu wa milima hii ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 eneo kubwa lake likafanywa hifadhi ya wanyama. Maadam ndovu na nyati wangalimo, si ruhusa mtu kujiendea apendavyo. Hutembea mahali palipoidhinishwa, tena akifuatana na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya mwenye bunduki begani. Wako wanaoona sharti hili kuwa ni kero. Mimi naliona kuwa ni bahati, kwa sababu askari huyu aghalabu ni mtu aliyeikanyaga njia hiyo mara zisizohesabika, na hukuonyesha kinyesi cha ndovu na kukuambia kimelala usiku au kimeanguka alfajiri, jambo ambalo kitabu hakiwezi kukufunza.

Kwanza hupokewa mtu na nyasi. Ni mbuga pana za mawimbi mawimbi, zenye vichaka vilivyojitenga hapa na pale, na ndimo anamoishi palahala, mnyama ambaye katika nchi nzima ya Kenya haonekani porini ila hapa. Dume lake ni jeusi la kung'aa, tumbo jeupe, na pembe mbili ndefu zilizopinda kuelekea nyuma mithili ya majambia. Jike ni la rangi ya hudhurungi, na haiba yake haipungui sana. Hudhani mtu kwamba mbuga hizi zimekuwa hivyo tangu azali bila ya kuguswa, kumbe msitu na majani vina ugomvi wao wa daima: moto usipopita, na ndovu wasipovunja miche, vichaka husogea hatua kwa hatua na kuumeza uwanja. Ndiyo sababu walinzi wenyewe huchoma baadhi ya mbuga kwa mpango na kwa majira yake, na mgeni akutaye ardhi imekuwa nyeusi asikimbilie kulaumu, kwani majani machanga yachipuayo baada ya moto ndiyo chakula akitakacho palahala.

Matembezi niyapendayo kuliko yote huanzia katika Kilima cha Ndovu, yakateremka kwa kiasi cha kilomita mbili hadi kwenye maporomoko ya maji yanayoitwa Sheldrick, kwa jina la yule David Sheldrick aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Njia hutoka juani ikaingia kivulini kwa ghafla, na jasho hupata baridi mwilini. Humo msituni kuna mvule, kuna mbambakofi, kuna msandarusi uliokuwa ukitafutwa kwa ajili ya utomvu wake. Na asiyejua miti atautambua angalau mtapo, ambao kwa mbali hufanana na mnazi mfupi, lakini hauna ujamaa nao hata kidogo, kwa kuwa ukoo wake ulikuwako duniani kabla ya mmea wowote wenye maua. Juu hupita mbega, weusi na mashada yao meupe mabegani, na hondohondo hupiga makelele yake yasiyo na haya. Kisha husikika maji kabla hayajaonekana, na mara yakatokeza, yakianguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 20 katika kidimbwi ambamo mgeni huruhusiwa kuoga.

Maji hayo yana safari ndefu. Pepo za kusi hutoka baharini zimebeba unyevu, zikagonga mbavu za Shimba, zikalazimika kupanda, na kwa kupanda zikapoa na kuumwaga mzigo wao kuwa ukungu na mvua. Majani ya msitu yakaupokea, na ardhi ya mawe ya mchanga ikaufyonza na kuuachilia polepole katika chemchemi. Mojawapo ya chemchemi hizo ni Marere, ambayo ilikuwa ikiwanywesha watu wa Mombasa kwa mabomba miaka mingi kabla bomba la Mzima halijafika. Hivyo waliokuwa wakiipa milima hii mgongo walikuwa wakinywa kutoka kwayo asubuhi na jioni.

Wenyeji wa Kidigo na Kiduruma hawakungojea serikali iwafunze thamani ya msitu. Makaya ya Mijikenda, yaani vijiji vya kale vilivyozungushiwa miti juu ya vilima, yaligeuka kuwa mahali pa ibada na maziara ya wahenga, ambapo haikatwi fimbo wala haiokotwi kuni bila ya idhini ya wazee. Na mengine yamo ndani ya hifadhi hii yenyewe. Mwaka 2008 baadhi ya makaya ya pwani yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtembezi akionyeshwa kwa mbali kaya, na akaambiwa haingiliki, na ashukuru kuonyeshwa.

Si kwamba watu na wanyama wamekaa humo kwa suluhu siku zote. Ndovu walipozidi, na mashamba ya jirani yakaliwa, ulijengwa ua wa umeme, na mwaka 2005 ndovu zaidi ya mia moja walihamishiwa Tsavo. Upande wa kaskazini, wenye mashamba wa Mwaluganje waliunganisha ardhi yao mnamo miaka ya tisini wakawaachia ndovu njia, nao wakagawana mapato ya wageni; ushauri wangu ni kwamba apataye siku ya pili aitumie huko.

Majira yafaayo ni baada ya masika kupita, tangu Julai hata Septemba, ingawa asubuhi za wakati huo ukungu huweza kuufunika upeo wote hadi saa nne. Mbung'o wamo, nao hupenda nguo nyeusi na za buluu, basi na avae mtu rangi ya khaki au ya udongo, na viatu vilivyofunga kidole. Kurudi kutoka kwenye maporomoko ni kupanda mtupu, kwa hiyo maji ya kunywa yasiishie chini. Asiyetaka kupanda aende Giriama Point, ambako hatua chache tu humfikisha ukingoni, akaiona nchi ya chini yote hata bahari. Na raia asiache kitambulisho nyumbani, kwani kiingilio chake ni kidogo mno kuliko cha mgeni, na langoni hawakubali maneno matupu, hata yawe ya Kiswahili fasihi namna gani.