Kambi za ufukweni Tanganyika: Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ukipanda boti Kibirizi, Kigoma, kuelekea kaskazini, utapita Hifadhi ya Taifa ya Gombe na kufika Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi. Mbele ni ziwa, nyuma ni milima. Baadhi ya sehemu za mwambao huu si visiwa katika ramani, lakini kwa anayezifikia ni kama visiwa: unaingia kwa maji na kutoka kwa maji.

Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga. Walilala ufukweni, vyoo havikutosha na wengi walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikalipuka. Kufikia Mei 22, wagonjwa walikuwa wamefikia 3,000 na watu 31 walikuwa wamekufa, wakiwamo Watanzania wawili. Wakimbizi wale hawakuwa na hiari. Hata hivyo somo limebaki: kambi isiyo na choo humdhuru mgeni na mwenyeji.

Leo tuwazungumzie wenye hiari: watalii, wanafunzi, wavuvi wanaohamahama na wafanyabiashara wanaosubiri mzigo wa dagaa. Je, kambi zao ni faida au hasara kwa kijiji?

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Kwa familia inayoishi kwa dagaa, miezi mitatu ni mingi. Lakini miezi hiyo ni ya kiangazi, wakati mzuri wa kupokea wageni.

Tufanye hesabu ya mfano. Wageni sita wanalala usiku tatu, kijiji kinatoza Sh5,000 kwa kila mtu kwa usiku. Hiyo ni Sh90,000. Wakinunua kuku, ndizi na kuni, na kumlipa mlinzi, jumla Sh110,000, kijiji kimeingiza Sh200,000.

Sasa wageni hao hao wajisaidie karibu na mahali pa kuanikia dagaa. Mnunuzi akiona uchafu na kupunguza Sh1,000 kwa kila kilo, mwenye kilo 300 amepoteza Sh300,000. Kijiji kimepata hasara ya Sh100,000, na jina la dagaa wa Kigoma limechafuka.

Kwa hiyo anayepiga kambi azingatie haya:

Kwanza, atoe taarifa kabla ya kufungua hema. Ardhi ya kijiji ina wenyewe chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Amwone mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, na mwaloni awaone viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi (BMU). Aulize wapi maji yanachotwa, wapi akina mama wanaoga, wapi pana makaburi na wapi pana mamba.

Pili, choo kiwe mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Tatu, kuni zinunuliwe, mti usikatwe, na moto uzimwe kwa maji. Upepo wa kiangazi ukiupandisha mlimani, utateketeza mihogo na michikichi ya watu.

Nne, taka zirudi na aliyezileta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, hata ufukweni kusiko na askari.

Tano, hifadhini kuna utaratibu wake. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, wavuvi walikuwa wakipiga kambi za msimu pale na kuanika dagaa. Tangu 1968 Gombe ni hifadhi ya taifa: unalipia, na unalala panaporuhusiwa tu. Mwenye mafua asiwakaribie sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio, unaoaminika ulitoka kwa binadamu, uliua na kupoozesha sokwe kadhaa wa Gombe. Sokwe ndio wanaowaleta wageni. Wakifa, mwenye boti na muuza ndizi nao wamefilisika. Hali ni hiyo hiyo Mahale.

Wenyeji nao wana wajibu. Mgeni hawezi kufuata sheria asiyoijua. Mkutano wa kijiji utenge eneo moja la mahema, uchimbe choo, uandike masharti kwenye ubao na upange ada moja inayotolewa risiti. Kila kijana akijitoza chake, mgeni atahamia ufukwe mwingine na fedha zake. Mapato yasomwe mkutanoni kama mapato mengine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama mgeni ameondoka na faida, akamwachia kipindupindu. Choo cha shimo ni mtaji mdogo. Kianze kabla ya kiangazi kijacho.