Aislandi, Nchi Iliyotunza Maneno ya Wanorse

Wakitajwa Wanorse, mabaharia wa Skandinavia ya kale, wengi huwafikiria maharamia walioshambulia monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793. Si uongo: waliua na kupora, na miongoni mwa wanawake waliofikishwa Aislandi kutoka Ireland na Uskoti walikuwemo watumwa. Lakini upanga haukuwaachia mengi. Huko Normandy, Ufaransa, walikohamia, baada ya vizazi vichache tu, wazao wao walikuwa wakisema Kifaransa. Kilichodumu ni lugha pale ilipoandikwa, na ushahidi wake ni Aislandi, kisiwa cha volkano na barafu chenye watu wasiofika laki nne.

Wanorse waliohamia huko hawakuwa na mfalme. Tangu mwaka 930 walikutana kila kiangazi Þingvellir katika baraza la Althing, ambako msema-sheria alizikariri sheria kwa moyo, theluthi moja kila mwaka. Karne ya 12 sheria hizo zikaandikwa. Ari Þorgilsson akaandika historia ya nchi kwa lugha ya nyumbani, si Kilatini. Kisha Snorri Sturluson, aliyeuawa mwaka 1241, akakusanya habari za miungu na kanuni za ushairi. Waliandika juu ya ngozi za ndama, na wakulima wakaendelea kunakili kwa mkono karne baada ya karne. Ndiyo maana Mwaislandi wa leo huyasoma maandishi hayo kwa msaada mdogo tu wa maelezo.

Wapo wanaosema lugha ilinusurika kwa sababu kisiwa kiko mbali. Mbona basi Orkney na Shetland, visiwa pia, vilipoteza Kinorse chao baada ya kuingia mikononi mwa Uskoti katika karne ya 15? Wafaroe, watu wa visiwa vya Faroe, walikitunza chao kwa tenzi za ngoma, lakini kanisani na mahakamani walitumia Kidenmark, wala hawakuwa na tahajia rasmi hadi 1846. Aislandi nayo ilitawaliwa na Denmark, ila Agano Jipya lilichapwa kwa Kiaislandi mwaka 1540 na Biblia nzima 1584, hivyo mimbari ilibaki na lugha ya nyumbani. Bahari ilisaidia, sikatai. Peke yake isingetosha.

Waaislandi wenyewe walijua thamani ya maandishi yao. Miswada yao mingi ya kale ilikuwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, na hata baada ya kuwa jamhuri mwaka 1944 waliidai bila kuchoka. Aprili 1971 miwili ya kwanza ilipofika kwa meli, umati uliipokea bandarini Reykjavík. Urejeshaji ulikamilika mwaka 1997.