UBUYU WETU TUSIUUZE WOTE

Hapa Buigiri mvua zikiisha, mboga nazo huisha. Majani mabichi ya kunde hatuyaoni tena mpaka mvua zirudi. Kiangazi chote tunakula ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda mkavu. Tumbo linajaa. Lakini je, mwili nao umeshiba?

Leo tuzungumze juu ya vitamini C.

Kazi ya vitamini C

Vitamini C imo ndani ya chakula, lakini hatuioni kwa macho. Inaimarisha ufizi, ngozi na mishipa ya damu. Inasaidia vidonda kupona. Tena inausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mtama, kunde na majani. Bila madini ya chuma mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha. Mama mjamzito mwenye damu kidogo yuko hatarini siku ya kujifungua. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini C wenyewe mwilini. Sisi watu hatuwezi. Lazima tuile. Na akiba iliyomo mwilini haikai sana. Mtu asipopata kabisa, huisha kwa miezi miwili au mitatu hivi. Kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo.

Ugonjwa wa kiseyeye

Mtu aliyekosa vitamini C kwa muda mrefu hupata kiseyeye. Kwanza anachoka ovyo na miguu inamuuma. Halafu ufizi unavimba na kutoka damu. Vidonda haviponi. Mwisho meno yanalegea, na asipotibiwa anaweza kufa.

Mabaharia wa zamani waliujua sana ugonjwa huu. Vasco da Gama alipotoka India alikaa baharini karibu miezi mitatu. Watu wake kama 30 walikufa njiani. Alipofika Malindi, Januari 1499, jambo moja aliloomba kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind wa Uingereza, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, akawapa dawa mbalimbali. Wawili waliokula machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Sisi hatuko baharini. Lakini nyumba isiyo na mboga mbichi wala tunda kwa miezi mingi inafanana na meli ile.

Tunaiua wenyewe

Vitamini C haipendi jua, moto mwingi, wala magadi. Majani tukiyaanika juani, sehemu kubwa inapotea. Tukiyachemsha muda mrefu, inapungua tena. Tukitia magadi, ndiyo kwaheri kabisa. Hatusemi tuache mlenda mkavu, hapana. Una madini na faida nyingine. Tunasema tusiutegemee kwa vitamini C.

Wengine husema, kila kichachu kina vitamini C. Si kweli. Ukwaju ni mchachu sana, lakini vitamini C yake ni kidogo. Zabibu zetu za Dodoma nazo ni tamu, zinaleta fedha, lakini kwa vitamini C hazifui dafu mbele ya pera au papai.

Dawa iko mlangoni

Basi tufanye nini? Tuutazame mbuyu. Mabuyu hukomaa wakati wa kiangazi, pale pale mboga zinapokwisha. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 50 za vitamini C. Gramu 100 za unga wa ubuyu mara nyingi zina miligramu 150 hadi 300. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku, mjamzito 55, anayenyonyesha 70, na mtoto mdogo 30. Vijiko vikubwa viwili au vitatu vya unga wa ubuyu kwa siku vinamtosha mtu mzima.

Namna ya kutengeneza:
1. Chemsha maji ya kunywa, kisha yaache yapoe kabisa.
2. Tia ubuyu, koroga mpaka unga uachane na mbegu. Chuja.
3. Kunywa siku hiyo hiyo, pamoja na chakula. Chai ingoje, maana chai pamoja na chakula huzuia madini ya chuma.
4. Ukitia kwenye uji, epua kwanza, uji upoe kidogo, ndipo utie. Usiuchemshe ubuyu.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Na mtu mwenye ufizi unaotoka damu au uchovu usiokwisha aende zahanati. Huenda ni ugonjwa mwingine.

Jambo la mwisho ni biashara. Wanunuzi wanakuja na magari, tunapakia magunia ya ubuyu kwenda Dar es Salaam. Fedha tunazihitaji, sare zinangoja. Lakini tukiuza mpaka buyu la mwisho, tunauza afya ya watoto wetu, halafu fedha hiyo hiyo tunaipeleka zahanati. Tuuze, lakini tubakize mabuyu ya nyumbani. Tuyaweke mahali pakavu, bila kuyapasua, mpaka siku ya kuyatumia. Nyumba yenye maji ya kunawia ipande mpapai mmoja, imwagiliwe kwa maji hayo.

Maswali ya kujadili
1. Nyumbani kwako mwezi wa Septemba mnakula nini chenye vitamini C?
2. Kwa nini magadi na jua ni adui wa vitamini C?
3. Mwaka huu utabakiza mabuyu mangapi?