Masika Yaingiapo Ziwani

Katika nchi za Ulaya, miezi ya Machi, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo theluji huyeyuka, miti iliyobaki vijiti huvaa majani mapya, kondoo huzaa, na kuku walioacha kutaga tangu siku zilipofupika hurudi viotani mwao. Sisi wa Nairobi hatuna theluji ya kuyeyuka, wala siku zetu hazifupiki kiasi cha kumfanya mtetea asahau kazi yake. Lakini miezi hiyo hiyo mitatu, kwa sadfa njema ya maumbile, ndiyo miezi yetu ya kuchipua, maana jua livukapo ikweta mnamo tarehe 20 Machi, likielekea kaskazini, hukokota nyuma yake ukanda wa mawingu unaozaliwa pale kaskazi iliyochoka inapokutana na kusi inayoanza, na mvua za masika zikaanguka juu ya ardhi iliyokuwa kavu tangu Januari. Kwa hesabu ya wanafalaki, mji ulio nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta ungepaswa wakati huo kuingia katika majira ya kupukutika majani. Mchicha haujui falaki.

Mahali pazuri pa kuyatazama masika hayo ni mtaa wa Ziwani, ulio upande wa mashariki wa jiji, jirani na soko la Kariokor na shule ya wavulana ya Starehe iliyoanzishwa mwaka 1959, wala Mto Nairobi hauko mbali nao. Mtaa huu ulijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, watu ambao serikali ya wakati ule iliwahesabu kuwa wageni wa mji, waliokuja kwa ajili ya ujira na ambao, kazi ikiisha, wangerudi kwao walikoacha shamba, mke na mbuzi. Ndiyo maana nyumba zake ni za chini na ndogo, vyumba vyake ni vichache, na wasaa wake uko nje ya milango, katika nyua na viwanja vilivyoachwa baina ya safu na safu. Mfanyakazi alipewa chumba cha kulala. Shamba alijitengenezea mwenyewe, na kila aliyekuja kukaa kwa miaka, akaoa au akaletewa mke, akapata watoto, alilileta shamba la kwao vipande vipande: leo mbegu za kunde ndani ya bahasha, kesho tembe mmoja ndani ya kikapu juu ya basi.

Wala jambo hili si la Ziwani peke yake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1985 na taasisi ya Mazingira ya Nairobi katika miji sita ya Kenya ulionesha kwamba asilimia 29 ya jamaa za mijini zilikuwa zikilima chakula humo humo mjini, na asilimia 17 zilikuwa zikifuga wanyama, ingawa kanuni za halmashauri nyingi ziliyatazama mambo yote mawili kwa jicho baya.

Siku ya masika huanza kabla ya alfajiri kwa jimbi, ambaye hana habari kwamba jirani yake alirudi kutoka zamu ya usiku saa moja iliyopita. Mama wa nyumba hufungua kibanda cha mabati, huhesabu kuku wake kwa macho, humwaga maranda yaliyolowa na kutandaza makavu, kazi inayoonekana ya upuuzi kwa asiyejua, kumbe ndiyo roho ya ufugaji wa majira haya. Maana maradhi ya kuhara damu, yanayofagia vifaranga kwa siku chache, hustawi katika sakafu yenye unyevu kuliko mahali popote pengine. Koo aliyeatamia hutengwa, akawekwa ndani ya karai kuukuu lililotandikwa majani makavu, chini ya meza ya jikoni au uvunguni mwa kitanda, na hupewa mayai kumi hadi kumi na matatu, kadiri kifua chake kinavyoweza kufunika. Ikifika siku ya saba au ya nane, usiku, taa zikiwa zimezimwa na watoto wamejikusanya wakishindana kutopumua, yai moja moja huinuliwa juu ya tochi ya simu: lenye uhai huonesha nukta nyeusi katikati ya mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, na lililo tupu hupitisha mwanga mpaka upande wa pili, nalo huwa fungu la mbwa. Siku ya ishirini na moja vifaranga hutoboa maganda, na kuanzia hapo hakuna anayelala vizuri katika chumba kile, si mama wala koo.

Riziki ya vifaranga hao, kwa bahati, huja na mvua yenyewe. Baada ya manyunyu ya kwanza, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuzizunguka taa za barabarani, na watoto huweka beseni la maji chini ya taa ili wadudu waanguke humo. Asubuhi kuku hupata karamu, isipokuwa katika nyumba za watu waliotoka magharibi ya nchi, ambamo kumbikumbi hukaangwa kwanza kwa ajili ya binadamu na kuku hungojea makombo. Adui naye huja kutoka juu. Mwewe hukaa juu ya nguzo ya umeme akipima, na wafugaji wengi huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi, kwa itikadi kwamba ndege huyo hatakitambua chakula chake kikiwa katika vazi geni. Itikadi hiyo ina walioiapia na walioicheka. Mimi ningenunua wavu.

Mboga hupandwa aghalabu katika magunia, na ufundi wake unastahili kuelezwa, kwa kuwa mtu asiye na kiwanja hata kidogo aweza kuuiga. Gunia husimamishwa, katikati yake huwekwa kopo lisilo na kitako wala kifuniko, likajazwa kokoto, na udongo uliochanganywa na samadi ya kuku au sungura iliyokwisha kuoza humwagwa kulizunguka, kisha kopo huvutwa juu, likaacha kokoto mahali pake, hujazwa tena, huvutwa tena, hata gunia linapojaa huwa na nguzo ya mawe ndani ya udongo, na maji yakimwagwa juu hushuka kwa nguzo hiyo na kuifikia mizizi ya chini. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupachikwa mche wa sukuma wiki. Managu, terere na kunde hupewa nafasi ardhini kandokando ya ukuta, ambako hujiotea karibu bila kuombwa. Hapa ndipo masika huonesha hila yake: mboga zikistawi kwa huyu hustawi kwa wote, bei katika masoko ya jirani huanguka, na mwenye akili huwa hakupanda miche yake yote kwa siku moja, bali huacha kitalu kingine nyuma, avune wakati wa ukavu ambapo fungu moja lina thamani.

Zamani kilimo cha namna hii kilikuwa ni mchezo wa kuwinda na kuwindwa. Baraza la mji liliamini kwamba mimea mirefu, mahindi hasa, huficha mbu wa malaria, na watumishi wake walitumwa kuifyeka ilipokaribia kukomaa, ilhali mbu, kama ajuavyo kila mwanafunzi, huzaa katika maji yaliyosimama, nayo yalijaa katika mifereji ya baraza lenyewe. Hekima ilichelewa, lakini ilifika: mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, ambayo inamtambua mkulima wa jiji na kumtaka naye azingatie usalama wa chakula na haki ya jirani. Sharti hilo ni la haki. Mboga iliyonyweshwa maji machafu ya mtoni si riziki bali ni maradhi yanayouzwa kwa fungu, na harufu ya kibanda kisichofagiwa haina mpaka.

Nimewaweka nyuma paka na mbwa, nao ndio watoto huwapenda kuliko kuku wote. Mfugo wa anasa, alalaye juu ya mto na kulishwa kutoka mkebeni, Ziwani ni nadra. Kila mnyama ana kazi, na mapenzi humjia kwa kazi hiyo. Paka hulinda unga na vifaranga dhidi ya panya, ambao hawakosekani mahali palipozungukwa na masoko, na katika masika, panya wanapokimbia mashimo yaliyofurika, paka hujilipia chakula chake mara mbili. Mbwa hulinda kibanda usiku. Mchana hufungwa, kwa kuwa Pumwani iko jirani, wapo Waislamu wengi katika mitaa hii, na mtu aliyekwisha kutawadha akielekea msikitini hapendi kuguswa na pua ya mbwa. Mwenye mbwa mwenye adabu humshika shingoni na kusema, “Pita tu, mzee,” na urafiki ukaendelea. Wakati wa mvua kibanda cha mbwa huinuliwa juu ya mbao au matofali, na jike akizaa ndani yake, watoto wa safu nzima huwa hawaendi mbali na hapo.

Ukaribu huo ndio unaonitia hofu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani; mbwa ndio wanaowaambukiza binadamu karibu wote, wengi wa wanaokufa ni wa Afrika na Asia, na dalili zikishadhihiri hakuna dawa. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Basi, msomaji uliye na mbwa, awe wa ukoo bora au koko aliyejileta mwenyewe mlangoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe afikishapo miezi mitatu, na umrudishe kila mwaka. Na mtoto akiumwa na mbwa, kiosheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mfikisheni hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa huyo ni wenu na mnamwita kwa jina.