Zitenganishe diski zako kabla picha za familia hazijapotea

HEBU, msomaji, inuka uende pale sebuleni nyuma ya televisheni, au popote ulipokiweka kile kijisanduku cheusi kinachopepesa taa mchana na usiku. Kama nyumba yako ni miongoni mwa zile zilizonunua ghala la data la nyumbani, ambalo mafundi huliita NAS, basi humo mna picha za arusi yenu, video ya mtoto akipiga hatua zake za kwanza, tasnifu ya binti aliye chuoni na pengine sauti ya nyanya ambaye hayuko tena duniani. Simu zote za nyumba humwaga vitu vyao humo kupitia Wi-Fi. Ndani mna diski mbili. Je, unajua zimepangwa vipi?

Wengi hawajui. Mimi mwenyewe sikujua hadi mwaka wa pili. Aliyeniuzia alikiwasha, akanionyesha kwenye kioo cha kipakatalishi chake na kusema, "Terabaiti nane hizo, mzee." Nikalipa, nikaenda zangu nikitabasamu. Kumbe nane hizo zilitokana na diski mbili za terabaiti nne zilizoungwa zikawa kitu kimoja!

Mpango huo huitwa RAID 0. Kila faili hukatwa vipande, kimoja kikaandikwa diski hii na cha pili diski ile. Fikiria kitabu ambacho kurasa za shufwa ziko Nairobi na za witiri ziko Mombasa: nyumba moja ikiteketea, hakuna wa kukisoma. Diski moja ikifa, umepoteza zote mbili. Uko pia mpango wa kuziunganisha diski kwa kufuatana, ya kwanza ikijaa ndipo ya pili ianze, lakini nao ukipoteza diski moja huenda usiambulie kitu.

Waliobuni jina hilo la RAID, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza katika makala yao ya 1988 jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana na bado data ikasalimika moja inapoharibika. Walitaja viwango 1 hadi 5. Hicho cha 0 hakimo, kiliongezwa baadaye, na sifuri yenyewe inakuambia kina akiba kiasi gani.

Fundi atakushauri ubadilishe uwe na RAID 1, ambapo diski moja ni kioo cha mwenziwe. Si ushauri mbaya. Diski moja ikifa alasiri, kijisanduku kinaendelea kufanya kazi kana kwamba hapakutokea jambo. Lakini kioo huiga kila kitu, hata upumbavu. Mtoto akifuta folda ya picha za 2019, imefutika kote kuwili papo hapo. Mnamo Januari 2022, wahalifu waliotumia programu ya DeadBolt walivamia vijisanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, wakayafunga mafaili na kudai fidia. Kioo hakina dawa ya hayo.

Ndiyo maana mimi nilichagua njia ya tatu: kila diski ijitegemee, iwe na volyumu yake. Ya kwanza ni ya matumizi ya kila siku. Ya pili hakuna simu wala tarakilishi ya nyumbani inayoiona. Kila usiku saa nane kijisanduku chenyewe huamka na kunakili humo yaliyoongezeka. Angalia sana hapa: weka kazi hiyo iwe ya kutunza nakala za zamani, isiwe ya kusawazisha, kwani kusawazisha hufuta kilichofutwa, ukarudi kule kule kwenye kioo. Njia hii nayo ina gharama. Diski ya kwanza ikifa jioni, picha za siku hiyo zimekwenda, na huduma husimama hadi utengeneze. Nyumbani kwangu naweza kuvumilia hilo. Mwenye duka la picha pengine hawezi.

Sasa kazi yenyewe. Kuzitenganisha diski zilizoungwa hufuta kila kitu, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Kwa hivyo nunua au azima diski ya nje, ichomeke kwenye kijisanduku chenyewe na uhamishe vyote. Usinakili kwa Wi-Fi. Hata kwa waya mzuri wa mtandao, wa megabaiti 100 kwa sekunde, terabaiti mbili huchukua zaidi ya saa tano. Kwa Wi-Fi hafifu unaweza kulala na kuamka mara mbili. Kisha fungua mafaili kadhaa, usihesabu tu. Andika kwenye karatasi majina ya watumiaji na folda zao. Hapo ndipo unapofuta volyumu ya zamani na kuunda mbili mpya, moja kwa kila diski: kwa Synology chaguo hilo limeandikwa Basic, kwa QNAP ni Single.

Na stima je? Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, kijisanduku changu kilizimika kikiandika. Sikupoteza kitu, lakini kesho yake nilinunua betri ya akiba, ile ya kukipa dakika chache kijizime kwa heshima.

Ile diski ya nje usiirudishe kabatini pale pale. Ipeleke kwa ndugu au ofisini, kwani mwizi akibeba kijisanduku atabeba diski zote mbili.

Nilipomaliza, Jumamosi saa tano usiku, nilifuta makusudi faili moja kwenye diski ya kwanza, kisha nikairejesha kutoka kwenye ya pili. Ilikuwa sauti ya mama yangu akiwasimulia wajukuu hadithi ya sungura na fisi. Ilifunguka. Kifungua mimba wangu, ambaye alidhani amelala, akatoka chumbani kuuliza nani anaongea.