Chapa Isiyolifasiri Shairi

Mpiga obokano hagusi nyuzi ili kueleza maneno ya wimbo wake. Ala hiyo ya Abagusii, yenye nyuzi nane na mvumo mzito, mara huitangulia sauti ya mwimbaji, mara huijibu, mara huendelea kunguruma yeye akinyamaza. Kitabu cha msanii chenye shairi na chapa dhahania, yaani maumbo yasiyofanana na mtu, mti wala nyumba, kisomwe kwa sikio hilohilo.

Mwaka 1913, mshairi Blaise Cendrars na mchoraji Sonia Delaunay walitoa kitabu cha namna hiyo jijini Paris. Ni karatasi ndefu ya takriban mita 2, iliyokunjwa mara nyingi. Shairi la safari ya treni kuvuka Siberia linateremka upande wa kulia. Upande wa kushoto rangi za Delaunay, zilizopakwa kwa mkono kupitia stensili, zinateremka nalo. Hakuna behewa lililochorwa. Mwendo wa treni umo katika mapinde ya rangi, na msomaji anausikia kadiri anavyoikunjua karatasi.

Ujuzi wa kutengeneza kitabu kama hicho unapatikana pia kwa Abagusii, katika Kisii na Nyamira. Huko Tabaka, mafundi hupaka rangi jiwe la sabuni lililokwisha kupigwa msasa, kisha hulikwangua kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe utokeze kwa mistari, nukta na pembe. Mchapaji naye hufanya kazi kwa kuondoa. Akichonga bapa la jiwe hilo, akalipaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, palipochimbwa patabaki peupe. Jiwe ni laini, hivyo mkono unafaa kuliko mashine nzito. Herufi huchongwa kinyume, maana chapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Hata karatasi inaweza kutoka kwenye migomba ya shambani: shina hukatwakatwa, huchemshwa kwa magadi, hupondwa, kisha rojo huchotwa kwa chekeche na kuanikwa.

Ugumu uko katika kuamua chapa ifanye nini. Vitabu vya shule vimetuzoesha picha inayofuata maneno. Tuseme shairi la Ekegusii linamhusu mchuma chai wa Nyamira. Picha ya mwanamke mwenye kikapu mgongoni itarudia tulichokwisha kusoma. Lakini safu za mikato mifupi ya kijani, zikibanana asubuhi ya shairi na kuachana jioni yake, zitatupa kasi ya vidole na uchovu wake, mambo ambayo huenda mshairi hakuyataja.

Basi kipimo ni hiki: funika chapa, usome shairi, kisha uifunue, usome tena. Ikiwa pumzi na mwendo wako wa kusoma havikubadilika, hicho ni kitabu kilichopambwa tu. Vikibadilika, msanii na mshairi wametunga pamoja.