Nyumba ya Krapf na msitu wa wazee

Huku Lemera tukisimulia mwanzo wa hospitali, tunawataja Wapentekoste wa Sweden. Wenyeji waliowapa nafasi kilimani, tunawauliza mara chache. Swali hilo lilitujia tena tuliposoma habari za Rabai, karibu na Mombasa, Kenya.

Hapo ziko nyumba mbili ndogo za misioni: ya Johann Ludwig Krapf na ya Johannes Rebmann. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Rebmann alimkuta mwaka 1846, wazee wa Rabai wakawakubalia kukaa. Siku ya kupanda kilima wote wawili walikuwa na homa. Krapf aliondoka 1853. Rebmann alivumilia hadi 1875, akarudi kwao akiwa karibu kipofu.

Lakini kilima kilikuwa na patakatifu pake kabla yao: kaya, msitu uliozunguka mji wa mababu. Wamisionari hawakupenda maombi ya humo, nasi tunawaelewa. Hata hivyo, miti ile haikutunzwa na misioni. Ilitunzwa na wazee waliokataza shoka, na mwaka 2008 UNESCO iliandika misitu ya kaya za Wamijikenda, za Rabai zikiwemo, katika urithi wa dunia.

Kwetu milima mingi imenyolewa kwa makala. Kule, anayekata mti wa kaya huitwa mbele ya wazee na kutozwa faini, kuku au mbuzi.